JAHAZI LILILOTOKA KATIKA ROBOTA LA MITUMBA

Kwanza namshukuru mhariri kwa kunipa kurasa hizi, ingawa alinionya mara mbili nisimletee riwaya. Pili naomba radhi mapema kwa yeyote atakayehisi nimemgusa. Sitataja mtu jina. Anayejijua, atajijua.

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu wa Ijumaa, mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu alisimama akasema kwamba mtu anayeunda meli ndogo ya mbao kutokana na vipande vya sanduku hajaunda kitu. "Amefuata maagizo tu," alisema, "kama mtu anayepika uji wa pakiti halafu anajiita mpishi." Lo! Ukumbi mzima ulicheka, na walimu wawili pia walicheka. Mada ilikuwa kuhusu kazi za mikono shuleni kwa jumla, lakini kila mtu aligeuka kunitazama, kwa maana katika shule hii yetu ya kutwa ni mimi tu niitwaye "Nahodha". Mwenyekiti alinipa dakika mbili za kujibu. Nilisimama, nikababaika, nikasema jambo fulani lisilo na kichwa wala miguu kuhusu bidii, nikaketi. Tangu siku ile jibu limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo nalitoa.

Nianze na sanduku lenyewe, kwa sababu watu wamelizungumza sana bila kuliona. Mama yangu anauza mitumba hapa Daraja Mbili. Wanaolijua soko letu wanajua kwamba hapo utapata ndizi, viazi, kuku, mitungi, makoti ya baridi ya nchi ambazo hatutazifikia, na siku nyingine marobota ya vikorokoro vya nyumbani kutoka Ulaya. Katika robota moja la namna hiyo, kati ya vikombe vilivyovunjika na mwanasesere asiye na mkono, palikuwa na sanduku refu la karatasi ngumu lililofungwa kwa mkanda. Juu yake palikuwa na picha ya jahazi la Kiarabu lenye tanga lililotuna upepo. Lilitengenezwa Uhispania. Hebu fikiria jambo hilo kidogo. Jahazi la bahari yetu ya Hindi, limekatwakatwa vipande Uhispania, likanunuliwa na Mzungu asiyelimaliza, likatupwa, likapakiwa katika robota, likapita bandari ya Mombasa bila kuona maji kwa vile lilikuwa ndani ya kontena, na likaja kufunguliwa kwenye turubai huku milimani Gusii, yapata kilomita 800 kutoka pwani, mbele ya msichana ambaye hajawahi kuiona bahari. Mama alikuwa anataka shilingi 150. Kufikia jioni hakuna aliyelitaka, nikalibeba nyumbani kichwani.

Baba yangu ni seremala. (Nawaambia wenzangu wasio Wakisii: kwetu ukisema "baba" kwa Ekegusii unamaanisha mama, kwa hiyo insha zangu za darasa la nne ziliwachanganya walimu. Hapa namaanisha baba wa Kiswahili.) Ana kibanda cha jua kali karibu na barabara, anatengeneza vitanda, viti, madawati na, wakati mwingine, majeneza. Alipolifungua sanduku alicheka. "Mbao hizi ni za kuchokonolea meno," alisema. Na kwa kweli zilikuwa nyembamba ajabu: vipande virefu vya upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1.5. Palikuwa pia na mbao za plaiwudi zilizokwisha kukatwa kwa maumbo, misumari midogo kama ya kushonea viatu vya mtoto mchanga, na karatasi kubwa ya michoro iliyoandikwa kwa lugha tatu. Modeli yenyewe ni ya kipimo cha moja kwa sitini. Yaani kiunzi chake kina sentimita 30, na jahazi la kweli lingekuwa na mita 18. Nilizipima mita 18 kwa hatua nje ya kibanda cha Baba. Zilianzia mlangoni zikaishia kwa muuza makaa.

Sasa, mwenzangu wa uji wa pakiti, sikiliza. Maagizo unayosema nilifuata, kurasa zake nne za kwanza hazikuwemo. Mataruma, yaani mbavu zile za jahazi ambazo mbao za ubavuni hupigiliwa juu yake, yalipaswa kuwa tisa. Nilihesabu manane. Taruma la tano halikuwepo. Gofia, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, zilipaswa kuwa kumi na mbili nami nilikuwa nazo tano. Tanga lilikuwa limeoza kwa ukungu. Pakiti ya namna hiyo ukiipika utakula nini?

Habari ya taruma la tano nataka kuieleza polepole, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko vyote. Nilichukua karatasi ya grafu, nikachora taruma la nne na la sita. Upana wa la nne, kutoka katikati mpaka ubavuni, ulikuwa milimita 38. La sita lilikuwa milimita 34. Nikasema, hesabu rahisi hii, la tano liko katikati yao, basi ni 36. Nikalikata kwa msumeno mdogo katika kipande cha plaiwudi cha Baba, nikalipiga msasa, nikaligandisha kwa gundi nyeupe ya maseremala. Nilijiona mhandisi kamili. Jioni Baba alikuja, akatazama bila kusema neno, akachukua ufito mmoja mwembamba akaulaza juu ya mbavu zote kutoka omo mpaka tezi. Ufito ukagusa taruma la nne, ukaruka la tano, ukagusa la sita. Palikuwa na bonde. "Umeona?" akaniuliza. "Mbao haijui hesabu yako. Mbao inajipinda inavyopenda yenyewe."

Usiku ule nilikaa na daftari nikaelewa. Ubavu wa jahazi si mstari ulionyooka, ni mkunjo unaotuna nje. Ukichukua nukta mbili za mkunjo unaotuna, katikati yake halisi iko nje kidogo ya wastani wake. Jibu lilikuwa 37. Milimita moja tu! Tulibandika unyoya wa mbao ya grivelia juu ya taruma, tukaupiga msasa, tukalaza ufito tena, ukakaa kama umelala kitandani. Grafu za mikunjo nilikuwa nimezichora darasani muhula mzima na kupata alama zangu 6 kwa 10, wala sikuwahi kujua kwamba zinaweza kuguswa kwa kidole. Na jambo jingine, ambalo sikulisema katika mdahalo kwa sababu nililiona si la ukumbini: ile ilikuwa mara ya kwanza Baba kunishikisha zana yake bila kuniambia nirudi jikoni kumsaidia mama.

Usifikiri baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Mbao za ubavuni inabidi zilowekwe katika maji ya moto ndipo zipindwe. Nilizilowesha katika sufuria ya chai (Mama alipiga kelele mpaka jirani akaja), nikavunja sita kabla ya kujua kwamba unapaswa kungoja, na kwamba unapinda kidogokidogo huku umeshikilia pande zote mbili. Sita zile nikazifidia kwa saiprasi aliyoipasua Baba. Ukitazama upande wa kushoto wa jahazi langu utaona mistari sita yenye rangi tofauti, na sikuipaka rangi kuificha. Kuna siku mteja alikuja kuagiza kitanda akaliona limelala kifudifudi mezani, kabla ya sitaha, akauliza kwa sauti ya huruma kama hilo ni jeneza la mtoto. Baba hakumjibu haraka. Akasema, "Hapana, hilo ni la kwenda mbali." Sijui alimaanisha nini. Mteja naye hakuuliza tena.

Gofia saba zilizokosekana nilizichonga kwa jiwe la Tabaka. Nina binamu kule, na kule mtu yeyote atakufundisha kuchonga jiwe la sabuni, maana hilo ndilo shamba lao. Jiwe hilo ni laini, unalikwangua hata kwa kisu cha jikoni, lakini likiwa dogo kama punje ya mahindi linapasuka ukilikodolea macho tu. Tulitoboa matundu kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Ili kupata saba tulichonga kumi na nne. Kamba ni uzi wa fundi viatu. Tanga ni shuka la mitumba lililochemshwa kwa majani ya chai ili weupe wake uzimike, na chai yenyewe ni ya milima yetu. Kwa hiyo nikiulizwa jahazi langu ni la wapi, nakosa jibu fupi.

Sasa niingie katika hoja yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya nipeleke makala haya kwa jarida la chama cha Kiswahili wala si kwa chama cha sayansi.

Wasomaji, ni nani kati yetu hajakariri methali hii: "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani"? Tumeikariri tangu shule ya msingi. Tumeiandika katika insha, tukapewa vema kwa kalamu nyekundu. Siku moja darasani, baada ya mdahalo ule, nilithubutu kuuliza wenzangu: tezi ni nini? Mmoja akasema ni ugonjwa wa shingo. Mwingine akasema ni mnyama. Omo? Hapo darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba ni sabuni ya kufulia. Ngama hakuna aliyejaribu. Nami nisijitie ujuzi, mwaka uliotangulia ningejibu vivyo hivyo. Tunaifahamu maana ya methali, kwamba mtu hata akizunguka vipi mwisho atarudi alikotoka, lakini chombo chenyewe kilichoibeba maana hiyo hatukijui. Tunakula nazi tusiyowahi kuiona ikiwa na kifuu.

Niliunda jahazi, nikajua. Omo ni mbele, pale chombo kinapokata maji. Tezi ni nyuma, kwa mwenye usukani. Ngama ni chini ndani, kule maji yanayovuja hukusanyika na mtu huteremka kuyapiga nje kwa ndoo. Basi methali ikafunguka kama mlango. Baharia anaweza kutembea mbele, anaweza kutembea nyuma, lakini maji yakijaa chini, atarudi ngamani tu, apende asipende. Si habari ya kurudi nyumbani pekee, kama tulivyofundishwa. Ndani yake kuna ndoo, kuna mgongo unaouma, kuna kazi isiyokwepeka. (Hii ni tafsiri yangu mimi. Mwalimu wa fasihi akipinga, ana haki yake.)

Na si methali hiyo peke yake. Timu yetu ya kandanda ina nahodha. Makanga wa matatu za Kisii wanazungumza juu ya usukani kila siku. Mtu akifeli mtihani anasema mambo yameenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbi yanapokipiga. Mwanasiasa anatia nanga, lori linabeba shehena, mambo yakituzidi tunasema tumepoteza dira. Lugha hii tunayoitahiniwa ilizaliwa ikiwa na maji miguuni. Sisi wa milimani tumeipokea ikiwa imekauka, tunaitafuna hivyohivyo, halafu tunashangaa kwa nini wanafunzi wa Mombasa na Lamu wanaiandika kama wanacheza. Kamusi inasaidia, sikatai. Lakini kamusi ilinieleza kwamba foromali ni "mti wa kutwekea tanga", nikaisoma mara tatu nisione kitu. Nilipoufunga mti huo kwa vidole vyangu juu ya mlingoti, nikaupandisha kwa jarari kupitia gofia ya jiwe la Tabaka, nikauona unavyolala mshazari na tanga linavyoshuka chini yake likiwa na pembe, nilielewa kwa sekunde moja. Vivyo hivyo demani, kamba ile ya kulivutia tanga kwenye upepo. Ukiilegeza tanga linapigapiga, ukiikaza linatuna. Nilijaribu kwa kulipulizia kwa mdomo. Ndugu yangu mdogo alifikiri nimerukwa na akili.

Ndipo nikaanza kuuliza mengine. Kwa nini tanga liwe hivyo? Nikaenda maktaba nikasoma habari za kaskazi na kusi, pepo zilizowaleta wafanyabiashara wa Uarabuni na Bara Hindi pwani yetu wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi, na kuwarudisha kwao kusi ilipoanza kuvuma. Pepo hizo tulizisoma katika jiografia kama mishale kwenye ramani. Sikujua kwamba mshale ule ulikuwa unamfanya mtu angoje miezi bandarini, aoe, azae, na kwamba kwa kungoja huko lugha ninayoandikia sasa iliokota maneno yake mengi.

Nirudi kwa rafiki yangu wa uji (bado ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja). Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kitu kilichokatwa na mwingine si chako. Sawa. Basi na aende Kisumu. Meli ya kwanza ya mvuke katika Ziwa Viktoria, William Mackinnon, iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa huko Kisumu na kuteremshwa majini mwaka wa 1900, kabla hata reli haijafika hapo mwishoni mwa mwaka 1901. Meli ya MV Victoria ya mwaka 1961 nayo ilikuja hivyohivyo kutoka Uskoti, ikaunganishwa Kisumu. Na ile kubwa kuliko zote kwa hadithi ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka wa 1913 ikiitwa Graf von Götzen, wakaivunja, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, yakapelekwa Dar es Salaam kwa meli, kisha Kigoma. Ikaelea mwaka wa 1915. Mwaka wa 1916 wenyewe wakaizamisha ili Waingereza wasiipate, lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo yake grisi nene ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Masanduku 5,000! Ni nani atasimama Kigoma awaambie watu waliokaza kila riveti kwamba hawakuunda kitu, walipika uji wa pakiti?

Najua atajibu kwamba hizo ni meli za kweli na zangu ni za kuchezea. Mwalimu mmoja alinieleza hivyohivyo, kwa upole lakini: "Msichana mkubwa kama wewe na michezo ya watoto." Basi nitatoa mfano mwingine. Zamani pwani yetu, hasa visiwa vya Lamu, kulikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ya kweli iliisha mwanzoni mwa karne ya 20, hakuna hata mmoja uliobaki. Mtaalamu akitaka leo kujua ulishonwaje, anakwenda kutazama maandishi ya kale, picha chache, na modeli. Naam, modeli, hivyo vitu vya kuchezea, vilivyotengenezwa na watu walioujua mtepe wa kweli na kuhifadhiwa katika makumbusho. Mwaka 2003 Wazanzibari waliunda mtepe mkubwa tena na kuuweka ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja. Jumba hilo nalo likaporomoka sehemu mnamo Desemba 25, 2020. Vikubwa vilioza au viliangukiwa. Vidogo vikabaki rafuni vikikumbuka.

Lakini nisije nikaonekana kama wakili asiyeona kosa la mteja wake. Kuna mambo matatu ninayoyakubali, na moja linaniuma.

Sanduku halifundishi kila kitu. Lingekuwa kamili, lenye taruma la tano na kurasa zote, huenda ningelimaliza kwa wiki tatu na kujua kidogo sana. Wala mafundi wa Matondoni, Lamu, hawafungui karatasi ya michoro ya lugha tatu. Wanapima kwa jicho na mkono waliourithi. Mimi niliunda jahazi lililokwisha kufikiriwa na Mhispania, hilo halina ubishi. Pia modeli mpya kama hiyo ni ghali, haifai mwanafunzi wa kutwa anayekuja shuleni kwa miguu. Mimi nilibahatika na robota.

Linaloniuma ni hili. Katika mtihani wa katikati ya muhula nilishuka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 23. Siwezi kuusingizia msiba au malaria. Usiku ambao ningefanya kemia, nilikuwa nafunga kamba. Mama aliiona ripoti akalifunika jahazi kwa leso, akaliweka juu ya kabati, akasema halishuki mpaka nipande. Hakukosea. Lakini nakataa anachosema kila mtu, kwamba kosa ni la jahazi. Kosa ni kwamba lilibidi niliunde usiku, kwa taa ya sola, kwa kujificha, kama mtu anayeiba. Kama kungekuwa na saa mbili za mchana kwa wiki, chini ya paa la shule, nani angekesha?

Baba anasimulia kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, watoto wa shule za msingi walichonga miiko, wakasuka vikapu, wakapiga randa, na vilisahihishwa. Baadaye mtaala ulipunguzwa na mambo hayo mengi yakaondolewa. Sasa wadogo zetu wa sekondari ya chini wana somo la mafunzo ya awali ya kiufundi katika mtaala mpya, wanapima, wanachora, wanashika zana. Nafurahi kwa niaba yao, kweli kabisa. Lakini sisi tulio mwisho wa 8-4-4 tumeangukia katikati ya mawe mawili ya mto. Cha zamani kilikuwa kimeondoka kabla hatujafika, na kipya kimefika wakati tumeshapita. Tutamaliza kidato cha nne tukiwa na vidole vinavyojua kushika kalamu ya bluu na kalamu ya nyekundu, basi.

Na wakati huohuo, nyuma ya maabara, kuna chumba. Wote mnakijua, ndicho kile ambacho wanaochelewa hujificha ukutani mwake mwalimu wa zamu akipita. Kilijengwa kiwe karakana. Dirishani utaona meza mbili ndefu za seremala zenye jiliwa za kushikia mbao, zimefunikwa madawati mabovu mpaka darini. Baba alichungulia siku ya mkutano wa wazazi, akasimama pale muda mrefu kuliko aliokaa mkutanini. Madawati yenyewe, alisema, mengi yanahitaji msumari na gundi tu.

Hoja yangu kwa uongozi wa shule, basi, ni nyepesi kubeba. Chumba kifunguliwe alasiri mbili kwa wiki, baada ya vipindi. Hatuombi pesa za kununua masanduku kutoka Uhispania. Tunaweza kukata masanduku yetu wenyewe. Nimeshachora mataruma saba ya mtumbwi wa mbao wa Ziwa Viktoria, aina ile wavuvi wa Homa Bay wanayotumia, kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Baba amekubali kutupa vipande vya grivelia na saiprasi vinavyobaki, ambavyo sasa vinaenda kwa mama wa chapati kuwashia moto. Wadogo wakate, wakubwa waunganishe, na chama cha Kiswahili kiandike karatasi ya maagizo kwa Kiswahili, kwa maneno ya kweli ya mafundi, mkuku uitwe mkuku na taruma liitwe taruma. Ukurasa mmoja tuufiche makusudi. Na kabla ya mtu kufungua gundi, kwanza tutengeneze madawati yale, ndiyo kodi yetu ya chumba.

Rafiki yangu wa uji amesoma rasimu ya makala haya. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama karakana ikifunguliwa atapewa kupinda mbao au atapewa msasa tu. Nimemwambia kila mtu anaanzia kwenye msasa.

Jahazi langu bado liko juu ya kabati chini ya leso ya Mama. Halijakamilika. Usukani haujafungwa, kwa sababu bawaba zake ndogo za shaba zilipotea, na ninafikiria kuzikata katika bati la mkebe wa kakao. Mtihani wa mwisho wa muhula unaanza Jumatatu. Nimehesabu: nikipanda nafasi kumi tu, linashuka.

Ni mimi,
"Nahodha", Kidato cha Tatu